Lugha Niliyompa Mtoto Wangu

Mke wangu alianza kuongea na mtoto wetu kabla shingo ya mtoto haijakaza. Akimwogesha kwenye karai alimweleza kila kitu: sasa tunanawa sikio hili, sasa lile lingine, hili lina nta, nani amekuwekea nta huku ndani? Akipika alimwonyesha kitunguu na kumwonya kwamba kinaliza watu wazima. Akienda kuanika nguo alimbeba mgongoni na kumtajia: fulana ya baba, soksi ya baba, na soksi ya pili ya baba iko wapi, imekimbia.

Mimi nikirudi kazini nilikaa ukingoni mwa kitanda nikawaangalia. Siku moja nilimwambia, "Huyo ana miezi mitano. Unamwambia nini chote hicho?"

"Ataelewaje kama haambiwi?"

"Siku yake ikifika ataelewa."

"Ndiyo hivyo. Na wewe Baba Toto umeambiwa miaka minne na bado huelewi."

Nilicheka puani. Mara nyingi sikumjibu, na sitaki kujipaka sukari hapa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kwenye ploti, ghorofa ya vyumba vya kupanga, ng'ambo ya barabara kutoka Donholm, Nairobi, na ndani ya chumba hicho mtu mmoja alisema kwa niaba ya wote.

Nafanya kazi katika kiwanda cha mabati. Mashine za kukunja mabati hazimpi mtu nafasi ya neno, kwa hiyo sisi wa pale chini tunasemezana kwa mikono. Ngumi juu, simama. Kidole gumba kuelekea mdomoni, naenda kunywa maji. Kiganja kikikata hewa, imeisha. Kupiga bega lako mwenyewe mara mbili, njoo unipokee. Hakuna aliyetufundisha. Mgeni huangalia siku tatu, ya nne anajua. Nikitoka jioni masikio huwa yanalia, na kwa saa nzima hivi sauti ya mtu naiona kama kelele nyingine tu. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa nafika nyumbani.

Kuna jambo jingine. Mke wangu alikuwa Mbukusu, na mchana akiwa peke yake na mtoto alimsemesha Kibukusu. Mimi nilizaliwa Majengo, Pumwani. Baba yangu alitoka upande mmoja wa nchi na mama yangu upande mwingine, na kila mmoja aliiacha lugha yake huko alikotoka. Kwetu tulisema Kiswahili ndani na Sheng nje, na shule yangu iliishia darasa la nane. Sina lugha ya kijijini kwa sababu sina kijiji. Kwa hiyo nilipoingia nyumbani nikakuta wawili wale wanacheka kwa maneno nisiyoyajua, nilikasirika.

"Chumba ni kimoja," nilimwambia. "Kama mnanisengenya, nisengenyeni kwa lugha ninayoielewa."

"Nakusengenya na mtoto wa mwaka mmoja?"

"Mimi nimesema."

Aliniangalia, akaona sitanii. Tangu siku hiyo, nikiwa ndani, Kibukusu hakikusikika. Ilikuwa haki yangu kama mwenye nyumba, ndivyo nilivyoona. Sasa naona nilikuwa nimefunga dirisha kwa sababu tu upepo haukunipiga mimi.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne mama yake alipofariki. Aliumwa siku sita. Siku ya kwanza tulisema ni homa, na siku ya sita nilipewa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya ugonjwa wake.

Wakati huo mtoto alikuwa na maneno yake. Alisema mama, nyonyo, paka, hapana, na neno moja la Kibukusu ambalo sikujua maana yake na sikuuliza.

Tulimzika kwao, Bungoma, kwa kuwa mimi sina shamba la kumzika mtu. Baada ya mazishi mama mkwe aliomba kuzungumza nami. Kwa desturi yao mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja hata iweje. Basi alikaa chini ya upenu wa jikoni, mimi nikakaa kwenye kiti mbali, na akaongea akiangalia migomba.

"Mkwe, huyu mtoto mwache hapa."

"Mama, mtoto ni wangu. Nimebaki na yeye tu."

"Najua ni wako. Nani ataongea na yeye kule?"

"Mimi."

Wanawake waliokuwa wakiosha masufuria karibu naye walitazamana. Walinijua.

"Haya," alisema. "Mchukue. Mahindi yakishavunwa mwaka ujao nitakuja kumwona. Nikimkuta anaongea, nitakula ugali kwa jirani yako na kurudi kwangu. Nikimkuta hivi alivyo leo, nitaondoka naye. Umekubali?"

Nilikubali mbele ya watu. Nilijua nikikataa nitaonekana nina jambo ninaloficha kuhusu mtoto.

Niseme "hivi alivyo leo" ni nini, kwa sababu hapo sijaeleza. Tangu siku mwili wa mama yake ulipotolewa hospitalini, mtoto hakutamka neno. Hata yale manne matano aliyokuwa nayo aliyaacha.

Tuliporudi Nairobi nilimpeleka kwa mama mmoja wa chini kwenye ploti yetu, anayelea watoto kwa mchana. Sisi tulimwita Mama wa Watoto. Alikuwa na tisa, wangu akawa wa kumi, katika chumba chenye godoro moja kubwa na televisheni iliyowashwa kuanzia alfajiri. Simlaumu. Mtu mwenye watoto kumi anabadilisha nepi, analisha, anafuta, anaanza tena. Hana wakati wa kumwambia mmoja kwamba kitunguu kinaliza. Katuni zilisema Kiingereza kwa kasi na watoto walizitazama kwa adabu, kama waumini wa kanisa wasiojua lugha ya mhubiri.

"Wako ni mzuri sana," aliniambia mwezi wa kwanza. "Hasumbui hata kidogo. Hata kulia halii."

Nilifurahi. Hebu fikiria, nilifurahi.

Wale wengine walipata maneno kwa kaka na dada zao waliokuja kuwachukua jioni. Kulikuwa na kamtoto ka miaka miwili, miguu mifupi, nepi imeshuka, kalikokuwa kakisimama mlangoni kila nikifika.

"Niaje, buda?" kalinisalimu, yaani habari, mzee.

"Poa," nilijibu.

"Umeniletea?"

Watu wote walicheka. Mimi nilimchukua wangu kutoka kwenye godoro, naye alinishika shingo kwa nguvu bila sauti yoyote, na nikapanda ngazi nikitamani aniite hata buda, hata jina baya kuliko hilo.

Alipokaribia miaka miwili nilimpeleka kliniki. Nesi alipiga kijiko kwenye kikombe nyuma ya kichwa chake, mtoto akageuka. Akaangalia ulimi, akaangalia koo.

"Masikio mazima, ulimi mzima," alisema. "Nyumbani anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Unamwambia nini?"

Nesi alinitazama akangoja, kisha akaacha kungoja.

"Baba, si lazima iwe kitu cha maana. Mwambie unachofanya. Mwambie ulichokula. Akifanya sauti, mjibu kana kwamba amesema neno. Mtoto hujifunza kwa kujibiwa. Televisheni haimjibu."

Jioni ile nilimkalisha mbele yangu juu ya kitanda. Nikamwambia, "Leo nimekula githeri." Alinitazama. Nikatafuta cha pili. "Ilikuwa na chumvi nyingi." Aliendelea kunitazama, na mimi nikawa nimemaliza. Kuta za vyumba vyetu ni nyembamba, jirani alicheka, akauliza kwa sauti, "Baba Toto, umepata mgeni?"

"Naongea na mtoto."

"Ooh. Nilidhani umeanza kuhubiri."

Nikaona aibu. Lakini aibu haikuwa ndiyo shida kubwa, na kama naandika basi niandike. Maneno ya kumwambia mtoto niliyajua. Niliyasikia mwaka mzima na miezi minne: sasa tunanawa sikio hili, sasa lile lingine. Nilipofungua mdomo kuyasema yalitoka na sauti ya mke wangu, nikayaacha katikati. Nilijaribu mara mbili kwenye karai. Mara ya tatu nilimwogesha kimya, haraka, kama mtu anayeosha chombo. Nilijiambia nitaanza wiki ijayo. Nilijiambia hivyo mwaka karibu wote.

Kisha Mama wa Watoto aliniita kando. Alikuwa na uso wa mtu aliyefikiri kabla ya kusema.

"Baba Toto, usichukie. Huyu mtoto, mbona anaongea kama bubu?"

"Vipi kama bubu?"

"Nimwite nikuonyeshe."

Alimpa uji kwenye kikombe. Mtoto akanywa mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akanyoosha kiganja na kukikata hewani. Imeisha. Kisha mtoto mwingine alipomvuta nywele aliinua ngumi juu, mkono umenyooka, na kumkazia macho. Simama.

Sikuwahi kumfundisha. Hata sikujua kwamba nyumbani nafanya hivyo. Lakini nilipoanza kujichunguza niliona: nikimaliza kula nakata hewa, nikitaka asisogelee jiko nainua ngumi, nikienda kuchota maji kwenye mtungi namwonyesha kidole gumba. Mtoto alikuwa amekaa akiangalia midomo yangu ikiwa imefungwa, na akaangalia mikono. Akaichukua yote, sawasawa, bila kukosea, kama mgeni anavyojifunza pale kiwandani kwa siku tatu. Hakuwa mjinga. Alichukua kile kilichokuwapo.

Kwa kweli nilijivunia kidogo. Nilianza hata kucheza naye hivyo jioni. Nilipiga bega mara mbili, naye alikuja mbio kunipokea kijiko. Alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Zile zilikuwa siku zetu nzuri na nilizijua kuwa ni nzuri. Lakini mahindi Bungoma yalikuwa yamekauka mashambani, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipiga simu kusema mama anakuja Jumatatu.

Pale kazini nilimweleza mwenzangu mmoja, baba wa watoto watano, wakati wa chakula. Alisikiliza akitafuna.

"Wewe ndiye unamharibu," alisema. "Akionyesha mkono, unampa. Sasa aseme kwa nini? Mnyime. Usimpe kitu mpaka akitaje. Wangu wa tatu nilimfanya hivyo, siku mbili tu akafunguka kama redio."

Ilikuwa Jumamosi. Nilirudi nyumbani saa nane mchana, jua kali, chumba kikiwa moto kama ndani ya bati. Nikanawa, nikakaa. Baada ya muda mtoto akaja mbele yangu na kuweka kidole gumba mdomoni.

Nilichota maji kwenye kikombe chake, nikakishika juu ya goti langu.

"Sema maji."

Akaonyesha tena.

"Maji. Sema, ma-ji."

Alinyoosha mkono akitaka kikombe. Nikakiinua. Akarudi nyuma hatua moja na kuonyesha tena, mara hii kwa ukubwa, mkono mzima, kama tunavyofanya kiwandani ukiwa mbali na mwenzako hajakuona. Alidhani sijaona. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote: alidhani kosa ni la mkono wake.

"Sema maji, mtoto wangu. Nitakupa. Sema tu."

Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso. Midomo yake ilikuwa mikavu, nikaiona, nikaendelea. Sijui ni muda gani. Jirani alikuwa anakaanga kitu, akamaliza, akala, akaosha vyombo. Nilikuwa nafikiri Jumatatu. Nilikuwa nafikiri juu ya wale wanawake wa masufuria na jinsi walivyotazamana. Sikuwa nafikiri juu ya kiu.

Mwishowe mtoto aliinua ngumi. Mkono umenyooka, macho yamenikazia. Simama. Mimi nilibaki na kikombe juu. Basi akashusha ngumi, akafungua kiganja, akakata hewa mara moja. Akaenda kwenye kitanda, akapanda kwa tumbo, akalala akiangalia ukuta.

Nilimfuata na kikombe. "Haya kunywa. Kunywa, basi." Nilimgusa mgongo. Hakugeuka. Nilimimina maji kidogo kwenye kijiko, nikampelekea mdomoni, yakamtiririka shavuni. Baadaye nilimshusha chini kwa Mama wa Watoto, na kule alikunywa vikombe viwili mfululizo.

"Huyu alikuwa na kiu!" yule mama alisema. "Hukumpa maji?"

"Alikataa," nilisema. Neno hilo ni la kweli, na ni uongo.

Tangu Jumamosi ile mtoto wangu hakuniomba tena kitu. Si kwa mdomo, si kwa mkono. Nilimwekea chakula akala, nisipoweka, alikaa. Nilipiga bega langu mara mbili, akaniangalia, akatazama kwingine. Ile lugha moja tuliyokuwa nayo niliitumia kumnyima maji, na yeye akaifunga.

Mama mkwe alifika Jumatatu. Alikuwa amefikia kwa mtu wa ukoo wao Donholm, na kila asubuhi alivuka barabara kwa miguu kuja kwetu. Ndani hakuingia. Alikalia kigoda kwenye baraza la ghorofa, mlango wangu ukiwa wazi, miguu yake nje ya kizingiti. Nilimsalimu kwa mbali kama inavyotakiwa. Alimtazama mtoto, akanitazama miguu, hakuuliza chochote. Nilitamani aulize.

Kisha akaanza kuongea. Si na mimi. Alitoa maharagwe kwenye mfuko, akayachambua kwenye ungo, na huku akimwelezea mtoto, kwa Kibukusu, nadhani, hadithi ya kila haragwe. Hili, akalitupa. Hili, akalitia. Hakumtaka aseme. Hakumwita. Mtoto alikaa ndani, kisha akakaa karibu na mlango, kisha akatoka. Alikuwa anaangalia mdomo wa bibi yake. Muda mrefu sikuwa nimemwona akiangalia mdomo wa mtu.

Niliondoka kwenda kazini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliporudi, Mama wa Watoto alinikuta kwenye ngazi, anacheka, mikono ina povu la sabuni.

"Baba Toto! Ameomba maji!"

"Nani?"

"Nani tena? Wako! Kwa mdomo! Ile lugha yao, *kamechi*, *kamechi*, mara mbili, sisi wote tumesikia. Hata yule wa niaje amenyamaza kumsikiliza."

Ningepaswa kushukuru Mungu pale kwenye ngazi. Sikushukuru. Nilisikia wivu, mchungu kama shubiri. Nilitaka kujua alitumia sauti gani, nzito au nyembamba, na nikaona aibu kuuliza, kwa sababu ni baba gani anauliza majirani sauti ya mtoto wake.

Nilimwendea mama mkwe. Nilisimama mbali naye.

"Mama, kaa hapa. Ukae naye mwezi, miezi miwili. Mimi nitakwenda kulala kwa mwenzangu wa kazini. Nyumba nakuachia."

Alitikisa kichwa polepole. "Mkwe, nyumba yako ni yako hata usipokuwamo. Kitanda kile alilala mwanangu na wewe. Nitalala wapi humo mimi? Na huko Donholm nimekuwa mgeni siku tatu, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniangalia usoni. "Mimi sikuja kukunyang'anya. Nilikuambia nikimkuta anaongea nitarudi. Nimemkuta haongei. Na nimemkuta hakuombi kitu. Mtoto asiyemwomba baba yake kitu, amefanywa nini?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari ya kikombe, yote, nikiwa nimesimama pale barazani na nguo za watu zikidondosha maji juu yetu. Sikujua kama ningeweza kusema maneno mengi hivyo. Aliposikia mpaka mwisho hakunilaani. Alisema tu, "Pole," na sijui kama aliniambia mimi au alimwambia mtoto.

Asubuhi iliyofuata aliondoka naye. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake tangu kwenye ngazi, kwa hiyo hatukuagana.

Mwaka mmoja na miezi mitano nilimsikia kwa simu tu, na simu huwezi kuiita kusikia. Shemeji alikuwa anampa, nasikia pumzi, nasikia kuku, kisha shemeji anarudi: "Shemeji, amekimbia." Kila mtu aliniambia anaongea sana. Niliwaamini kama ninavyoamini habari za nchi nyingine.

Mwaka huu kiwanda kilifunga kwa ukarabati wa mashine, nikampigia shemeji kuomba siku nne za kukaa kwao, nikasafiri. Nilimsikia kabla sijamwona. Kulikuwa na sauti nyuma ya ua, nzito kidogo kwa mtoto, ikigomba bila kupumzika. Nilisimama kwenye lango na mfuko wangu, nikaisikiliza kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Alipotokea alikuwa amefuata kuku mwenye vifaranga, anamnyooshea kidole, anamweleza makosa yake. Ana shingo ya mama yake.

Shemeji alimshika mkono akamleta. "Huyu ndiye *papa*. Msalimie."

"*Mulembe*," alisema, kwa heshima, na akanipa kichwa nimguse, kama watoto wa kule wanavyowapa wageni.

Mama mkwe alibaki jikoni, kwa desturi. Nilisikia anakohoa tu. Kwa hiyo tulikaa watatu chini ya upenu wa nyumba, mimi, shemeji, na mtoto. Nilikuwa nimemletea viatu. Akavaa, akatembea, akavua, akasema jambo refu, shemeji akacheka.

"Anasema nini?"

"Anasema vinabana, lakini vikikaa jua vitakua."

Nilicheka pia, nimechelewa, peke yangu. Ilikuwa hivyo mchana wote. Aliongea na shemeji, na paka, na mlango, na vidole vyake vya miguu. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Unaitwaje?" akamtazama shemeji. Nilijaribu kupiga bega langu mara mbili. Aliniangalia kwa huruma, nadhani alidhani linaniuma.

Nilikaa pale nikisikia mtoto wangu anaongea. Karibu miaka miwili niliomba aseme. Sikuongeza aseme na nani.

Jua lilipoanza kutua alikuja akasimama mbele yangu mwenyewe, bila kutumwa. Aliweka mikono nyuma. Akaniuliza kitu. Nilijua ni swali kwa jinsi sauti ilivyopanda mwishoni, na nilijua ni mimi anayeniuliza, kwa sababu alikuwa akiniangalia machoni.

"Anauliza nini?" nilimwambia shemeji.

Shemeji aliokota kijiti, akachora chini. "Ah, shemeji. Watoto. Haina maana."

"Niambie."

"Achana nayo, tafadhali."

"Mimi ndiye nimeulizwa. Niambie."

Hakuinua macho. "Anauliza, huyu mgeni ataondoka lini."

Mtoto alikuwa bado amesimama pale, anangoja. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alitaka tu kujua.

"Mwambie kesho asubuhi," nilisema.

Shemeji alimwambia. Mtoto akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwa kuku wake.

Asubuhi nilifunga mfuko. Shemeji alinifuata mpaka langoni akisema, "Lakini uliomba siku nne, ya pili ndiyo hii kwanza, mama atasema tumekufukuza." Nilimwambia hapana, hakuna aliyenifukuza. Kiwanda kilikuwa kimefungwa bado na Nairobi hakukuwa na mtu anayeningoja. Lakini lile lilikuwa jambo la kwanza mtoto wangu kuniuliza kwa mdomo wake tangu azaliwe, nami nilikuwa nimemjibu, na sikutaka jibu langu la kwanza kwake liwe uongo.